Mkono Ulioshikwa Darajani

Fulana ya usalama ilikuwa bado inaning'inia katikati ya daraja, tupu, ikiyumba kila upepo wa ziwani ulipopanda korongo. Tangu Jumapili polisi walikuwa wamezungushia utepe na hakuna aliyeigusa. Inspekta Dainess Mwakalinga aliitazama kwa muda, kisha akainama, akavua viatu vyake vya kazi na kumwambia Koplo Nassib avue vyake pia.

"Afande, mimi nina watoto," Nassib alisema.

"Hata mimi ninao. Panda."

Bustani ya Nyakaseke imejengwa juu ya kilima, ukishaipita Ujiji, mahali ambapo ziwa linaonekana lote mpaka milima ya Kongo. Siyo kubwa. Ina pundamilia waliozoea watu kiasi cha kuwapokonya watoto mahindi, mamba wawili wavivu kwenye bwawa la saruji, chatu ndani ya kioo, tumbili wasiohitaji kufugwa kwa kuwa hujileta wenyewe, na bembea za kila aina. Lakini kinachowaleta watu ni lile daraja la kamba lililokatiza korongo. Jumapili iliyopita Bibi Verediana, mama mtu mzima aliyetoka kijijini Kasulu kuja kusherehekea komunyo ya kwanza ya mjukuu wake, alianguka kutoka darajani hapo mbele ya familia yake. Majani ya korongoni yalimpokea, hakufa. Ila tangu siku hiyo alikuwa amelala hospitalini macho wazi, hasemi, na hamtambui mtu.

Aliyekamatwa ni mlinzi wa daraja, Ntahomvukiye, mzaliwa wa Burundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwavalisha wageni fulana na kuwanasa kwenye waya. Ushahidi dhidi yake ulikuwa maelezo ya mtu mmoja, mkwe wa huyo bibi, Mwalimu Theophil, na mkuu wa kituo aliona yanatosha. Kesho asubuhi Ntahomvukiye alikuwa apelekwe mahakamani.

"Vifaa vyetu vyote ni vizima," alisema Benedict, meneja wa bustani, akiwa amesimama mbali na ukingo. Hii ilikuwa mara yake ya nne kuyasema maneno hayo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Dainess alitembea juu ya mbao huku kulabu ya fulana aliyovishwa ikiteleza kwenye waya uliopita juu ya kichwa. Alipofika katikati aliichunguza fulana bila kuigusa. Ilikuwa ya turubai nene ya rangi ya machungwa, ya kumfunika mtu kuanzia mabegani hadi kiunoni, yenye klipu tatu kifuani. Mgongoni ilitoka mikanda iliyoshikwa na kulabu, na kulabu ilikuwa bado imenasa kwenye waya. Mwalimu Theophil alisema klipu hazikufungwa kabisa, mlinzi alikuwa akipiga soga, na fulana ikamvuka mama wa watu alipoteleza.

"Nassib, tazama klipu ya juu."

Nassib alisogea taratibu, mikono yote miwili kwenye kamba. "Imefungwa, afande."

"Imefungwa kwenye nini?"

Nassib akatazama tena. Klipu ya juu ya fulana ilikuwa imezungushwa kwenye kamba ya pembeni, ile ya kushikilia, na kubanwa vizuri, ili fulana isiyumbe ovyo na kumpiga mtu usoni. Alitaka kujikuna kichwa, akakumbuka alipo, akaacha.

"Mtu anayeanguka hafungi klipu," Dainess alisema. "Bibi huyu alivuliwa fulana. Alivuliwa kwa utulivu kabisa, ikawekwa kando, ndipo akaanguka."

"Nani amvue mtu mzima fulana katikati ya daraja?"

"Aliyekuwa naye."

Wakarudi nchi kavu, na Nassib akawa wa kwanza kuvaa viatu. Meneja aliwaongoza hadi kwenye kibanda cha mpiga picha wa bustani, kijana anayeitwa Thobias, ambaye huipiga picha kila familia inayoingia na kuwauzia wakati wa kutoka. Familia ya Mwalimu haikuzichukua zake, bila shaka. Thobias akazipanga mezani.

Wanawake wote wa familia walivaa kitenge cha aina moja, kipya, cha bluu chenye ndege wa dhahabu. Bibi Verediana alipendeza kuwashinda wote. Kwenye picha ya mwisho alikuwa amesimama mwanzo wa daraja akicheka, fulana ya machungwa imewafunika ndege wote, na klipu tatu za kifuani zimefungwa. Dainess aliigonga picha hiyo kwa kidole. Hapo maelezo ya Mwalimu yalikuwa yamekwisha kupata tobo.

Lakini kilichomshika zaidi ni Mwalimu mwenyewe. Kwenye picha ya pundamilia alikuwa pembeni kabisa, amewapa mgongo wenzake. Kwenye picha ya chakula familia ilikuwa chini ya mwavuli mmoja, naye peke yake chini ya mwingine, uso kwenye ziwa. Hata kwenye picha ya daraja alionekana kwa mbali karibu na uzio, mgongo vilevile.

"Walikuja na gari gani?" Dainess aliuliza.

"Noah ya kukodi," alisema Thobias. "Ila yule Mwalimu alikuja na bodaboda. Nilidhani gari limejaa, kumbe lilikuwa na nafasi."

"Na bibi alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mamba, afande. Saa ya kuwalisha watu wote huwa kwa mamba. Darajani walibaki wao na Ntaho."

Nassib alisubiri mpaka wakawa nje. "Pana ugomvi hapo, afande. Huyu mtu hawezi hata kumtazama mama mkwe wake. Akamvua fulana, akamsukuma, akamsingizia Mrundi."

Dainess naye alikuwa amewaza hivyohivyo.

Kituoni, nje ya chumba cha mahabusu, mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni alikuwa ameketi sakafuni na bakuli la ugali na dagaa lililofunikwa kwa sahani. Huyu alikuwa Manariyo, mke wa Ntahomvukiye. Alisimama kumwamkia Dainess, akaketi tena, hakuomba kitu. Mumewe aliletwa, mtu mrefu mwenye mvi za kwanza, mikono imekakamaa kwa kazi ya kamba.

"Mzee Ntahomvukiye, nieleze tena. Ulimfunga?"

"Nilimfunga, mama. Klipu zote. Nikavuta hivi, kama ninavyovuta za wote."

"Daraja linabeba watu wangapi kwa wakati mmoja?"

"Wawili."

"Nani alikwenda naye?"

"Mwanamke. Wa kitenge kilekile, maana wote walivaa sare. Mimi nikageuka, watoto walikuwa wanapanda uzio wa pundamilia, nikaenda kuwashusha. Nikasikia kelele."

"Mwalimu anasema ni yeye aliyekuwa naye. Anasema alimshika mkono."

Ntahomvukiye alitikisa kichwa. "Oya, hapana. Mwalimu hakukanyaga hata ubao mmoja."

"Familia nzima imeandika kama alivyosema."

"Sasa mimi nifanyeje, mama?" Alitazama mlangoni, alikokuwa mke wake. "Nililetwa nchi hii nimebebwa mgongoni. Uraia nimepewa, cheti ninacho kabatini. Ila nikifungwa kwa kumwangusha mama wa watu, kile cheti hakitanisaidia. Watoto wangu wataitwa wakimbizi tena, na walizaliwa hapa."

Aliyasema kwa sauti ya chini, bila kulalamika, na Dainess aliyaandika yote ingawa hayakuwa ushahidi.

Nyumba ya Mwalimu Theophil ilikuwa Mwandiga, nyuma ya soko, ambako mkewe Edina anauza vitenge vinavyotoka Bujumbura na ng'ambo ya ziwa. Mwalimu aliwapokea sebuleni amevaa shati jeupe. Edina aliketi kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, akichambua.

"Poleni na mgonjwa," Dainess alisema. "Mwalimu, nirudishe darajani. Ulimshika vipi?"

"Mkono, afande. Huu wa kulia. Alikuwa anaogopa. Nikamwambia, mama, nishike, usitazame chini. Tukafika katikati, fulana ikamvuka kwa sababu haikufungwa. Nilimvuta, akaniponyoka."

Aliyaeleza vizuri mno, pa kusimama anasimama, kama mtu anayewasomea wanafunzi imla.

"Na wewe, mama Martini," Dainess alimgeukia Edina, "ulikuwa wapi?"

"Nje ya daraja," Edina alisema bila kuinua macho.

"Ulipiga picha?"

"Simu iliangukia korongoni."

Dainess akapanga picha za Thobias juu ya kitambaa cha meza, moja moja. "Mwalimu, mbona kila mahali umempa mama mkwe mgongo?"

Vidole vya Edina vilisimama kwenye mchele. Mwalimu alizitazama picha kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Kisha akasema, "Tulikuwa na maneno kidogo."

"Maneno gani?"

"Ya nyumbani. Ya kawaida, mkwe na mkwe."

"Mlikuwa mmenuniana, ukakodi bodaboda ili usipande naye gari moja, ukala peke yako. Halafu darajani ukamshika mkono."

"Alikuwa anaogopa, afande."

Nassib alikuwa tayari ameshika pingu mfukoni. Dainess alimtuliza kwa jicho, akaaga, na wote wawili wakatoka.

"Afande, ametupa sababu kwa mdomo wake mwenyewe," Nassib alinong'ona. "Ungeniacha."

"Ndiyo inayonisumbua. Mtu aliyemsukuma mama mkwe anakwambia walikuwa wanapendana. Huyu nimemuuliza swali dogo, akaona bora adhaniwe mgomvi kuliko kunijibu ukweli. Ni ukweli gani unaomtisha kuliko huo?"

Badala ya kwenda kwenye gari alizunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na chumba cha uani alicholala Bibi Verediana, na mlango wake ulitazama migomba. Mbele ya mlango mtu alikuwa amesimamisha mkeka juu ya miti miwili ili anayetoka chumbani asionekane kutoka ukumbini. Kutoka hapo kilikwenda kijia kipya, majani yamelala, kikizunguka nyuma ya jiko hadi chooni. Njia ya kawaida ilikuwapo, fupi na imefagiwa, ikipita mbele ya dirisha la sebule. Bibi hakuitumia.

Dainess alisimama akakitazama kile kijia, na hapo akajiona yeye mwenyewe. Kwao ni Rungwe, Mnyakyusa wa ndani kabisa, na alipoolewa alifundwa kwamba baba wa mumewe haonwi. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Yeye, afisa wa polisi, mwenye bastola kabatini. Mpaka leo anapokwenda likizo mzee hupitia mlango wa nyuma, na hakuna ugomvi wowote kati yao. Anampenda yule mzee kuliko wajomba zake, na aliona aibu kwamba kitu anachokiishi mwenyewe alikuwa amekisoma kama chuki kwa sababu tu kimevaliwa na mtu mwingine.

"Nassib, kwenu Kasingirima mama mkwe mnaishi naye vipi?"

"Mimi? Tunakula sahani moja, afande. Akishiba ananituma vocha."

"Basi si wewe wa kuulizwa."

Jirani, Mama Frida, alikuwa barazani kwake akimenya maharage. Dainess alimwamkia na kumuuliza kama Mwalimu na mkwe wake wanapatana.

"Wanapatana sana," alisema Mama Frida. "Mwalimu ana adabu yule. Tangu amchukue Edina hajamwona huyo mama uso kwa uso. Siku hizi Waha wengi tumeacha, vijana wanakumbatiana na wakwe zao mitaani, lakini bibi yule ni wa zamani na Mwalimu anamheshimia. Ule mkeka uani ameusimamisha yeye. Na ada ya hospitali yote ni yeye, ila wodini hajatia mguu. Anatuma vitu, anakaa nje kwenye benchi."

"Hajatia mguu wodini," Dainess alirudia.

"Ataingiaje, mwanangu, na mama amelala?"

Jua lilipoanza kuelekea ziwani Dainess aliwafikisha Mwalimu na mkewe hospitalini, akasema ni kwa ajili ya kukamilisha maelezo. Hakupenda alichokuwa anakwenda kufanya. Angeweza kumwambia Mwalimu palepale sebuleni kwamba anajua, naye angekana, na mkuu wa kituo angesema desturi si ushahidi. Alihitaji kuona kwa macho.

Nesi Restituta aliwapokea mlangoni mwa wodi. "Leo yuko vilevile. Anafumbua macho, lakini hamjui mtu. Hata huyu binti yake tunamwambia aongee naye, anaongea, hakuna kitu."

Bibi Verediana alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, shuka limefika kifuani, macho kwenye dari. Edina alikwenda moja kwa moja akaketi pembeni ya mama yake. Dainess akasimama kwenye ncha ya kitanda. Mwalimu Theophil alifika kwenye kizingiti cha wodi na kusimama, bega kwenye fremu, uso umegeukia ukuta wa ukumbi.

"Ingia, Mwalimu."

"Nitasimama hapa, afande."

"Nataka unionyeshe ulivyomshika. Mkono wa kulia, ulisema. Njoo umshike vilevile."

Mwalimu aliikamata fremu ya mlango. Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wamegeuka kutazama.

"Kesho asubuhi mtu anapelekwa mahakamani kwa sababu ya mkono huo," Dainess alisema, naye hakupandisha sauti. "Kama uliushika juu ya korongo, utashindwaje kuushika kitandani?"

Mwalimu alinyanyua mguu. Aliuweka ndani ya wodi, hatua ya kwanza tu, akiwa bado ameutazama ukuta, na jasho likimtiririka shingoni hadi kwenye kola ya shati jeupe. Mguu wa pili haukutaka. Alijaribu, kila mtu aliona kwamba alijaribu. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ya kukaribia mahali alipo mama huyo, akakohoa.

Kitandani, mkono wa Bibi Verediana ulitikisika. Ulitambaa juu ya kifua polepole, vidole vikatafuta pindo la shuka, vikalipata, na mama yule ambaye tangu Jumapili hakumjua mtu akalivuta shuka na kujifunika uso.

Nesi Restituta aliacha kuandika. Edina aliutazama mkono ule, akalitazama shuka, na machozi yakamtoka kabla hajasema neno.

"Mama yupo," alisema. "Mama anasikia."

Aliushika mkono uliobaki nje ya shuka na kuulaza shavuni mwake, akalia kwa muda. Dainess alimwacha alie. Alipomaliza, Edina alichomoa kitu kutoka kwenye mkunjo wa kitenge chake kiunoni, akakiweka juu ya kitanda. Ilikuwa simu, kioo chake kizima.

"Mwache mume wangu, afande. Hakuwapo. Nilikuwa mimi."

"Nakusikiliza."

"Ule mzigo wa vitenge ulikuwa mpya, nilitaka kuuweka kwenye simu wateja wauone. Na mama alikuwa amependeza kuliko sisi wote. Ila lile lifulana lilimfunika, kitenge hakionekani. Nikamwambia, mama, vua kidogo tu, nipige moja, unavaa tena. Alikuwa hataki. Nikamfungua mimi, nikalifunga kwenye kamba lisituharibie picha. Nikapiga. Halafu nikamwambia arudi nyuma kidogo, nipate na ndege wa chini kwenye pindo." Aliisogeza simu kuelekea kwa Dainess. "Akarudi."

"Na Mwalimu?"

"Alisikia kelele akaja mbio, akanikuta nimeshika simu. Akasema, wewe hukuwapo, nilikuwapo mimi. Akasema watoto hawawezi kuishi wakijua mama yao ndiye aliyemfungua bibi yao. Mimi sikuwa na akili ya kukataa."

"Na Ntahomvukiye?"

Edina aliinamisha kichwa. "Hatukumfikiria," alisema, na huo ulikuwa ukweli mbaya kuliko mengine yote aliyoyasema.

Dainess aliifungua simu. Picha ya mwisho ilikuwa ya Bibi Verediana katikati ya daraja, ziwa lote nyuma yake, ndege wa dhahabu wote wanaonekana, anacheka kwa woga. Pembeni ya picha fulana ya machungwa ilikuwa imefungwa kwenye kamba ya kushikilia, klipu ya juu. Aliitia simu kwenye bahasha, akatoka ukumbini na kumpigia Nassib kituoni.

"Mtoe Ntahomvukiye. Sasa hivi, usisubiri kesho. Mkuu nitaongea naye mwenyewe. Na kama mke wake bado yuko hapo sakafuni, wape gari liwapeleke nyumbani."

"Bado yupo, afande. Ugali umepoa."

"Basi wapashie moto kwanza."

Alikata simu. Mwalimu Theophil alikuwa amerudi kwenye benchi, mgongo kwenye mlango wa wodi, mikono katikati ya magoti. Dainess alimweleza kwamba yeye na mkewe watakwenda kituoni kuandika maelezo upya, na kwamba kumsingizia mtu kwa maandishi ni kosa ambalo atalijibu mbele ya hakimu. Mwalimu aliitikia kila jambo kwa kichwa, hakubisha hata moja. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anangoja Dainess amalize.

"Afande," alisema alipomaliza. "Nilipokohoa. Ni kweli alijifunika?"

"Alijifunika."

"Mwenyewe? Hakusaidiwa na nesi?"

"Mwenyewe. Kwa mkono wake wa kulia."

Mwalimu alifunika uso kwa viganja vyake. Mabega yalitikisika, na Dainess, aliyekuwa ameshika pingu, akazirudisha mfukoni na kuketi kwenye benchi kando yake mpaka atulie.